Wananiambia ubongo wa mwanangu unawaka: niuze cherehani ninunue enzimu?

Yaya,

Nakusalimia kutoka Kadutu, hapa Bukavu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Wa pili ni mvulana, atatimiza miaka mitano mwezi wa tisa. Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu alikuwa anasema "mama", "tata", "maji". Kisha maneno yakapotea moja moja, mpaka leo hasemi kitu. Ukimwita jina hageuki, lakini mtu akifungua pakiti ya biskuti kwenye chumba cha pili anakuja mbio. Akitaka maji haonyeshi kwa kidole. Ananishika mkono, ananivuta, anauweka juu ya bidoni. Siku nzima anapanga vifuniko vya fanta kando ya ukuta, vyekundu peke yake, vya njano peke yake. Mdogo wake akisogeza kimoja tu, analia mpaka anajigonga kichwa. Mwaka jana dokta wa watoto alikaa naye karibu saa nzima, akatuuliza maswali mengi, akasema ni otisme. Akasema haina dawa ya kuiponya, turudi baada ya miezi mitatu. Hatukurudi. Tulitoka pale kama watu waliofukuzwa.

Mama mkwe anasema mtoto amelogwa. Amempeleka mara mbili kwenye chumba cha maombi bila kuniambia, na mara ya pili walimfungisha, hakula toka asubuhi mpaka usiku.

Juzi jirani akanipeleka kwenye semina. Mtu mwenye koti jeupe alionyesha picha za ubongo ukutani, mmoja wa buluu, mwingine mwekundu. Alisema watafiti wa Marekani wamegundua kwamba otisme ni ubongo uliovimba na kuwaka, kwa sababu mtoto hana enzimu za kusaga chakula. Chakula kinageuka sumu, sumu inapanda kichwani. Dawa ni vidonge vya enzimu, chupa dola 70, na tiba kamili ni chupa sita. Mtoto aache bugali, mkate na maziwa. Kwanza asafishwe tumbo kwa matone, kichupa dola 15. Mama mmoja alisimama akashuhudia kwamba mwanawe alianza kusema baada ya miezi miwili. Nililia mbele za watu.

Nilinunua matone, nikampa siku mbili. Yananuka kama javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo. Siku ya pili alitapika mara nne, nikaacha. Yule mtu akaniambia kwa simu kwamba ni sumu inatoka, niendelee. Vidonge sijanunua. Mume wangu anataka tuuze cherehani, kwa sababu bei itapanda mwisho wa mwezi. Cherehani ndiyo inatulisha, yaya. Lakini ni mtoto.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Nikiwa na mimba yake ya miezi minne nililazwa siku tano kwa malaria. Yule mtu alisema homa ya mama inaweza kuwasha ubongo wa mtoto akiwa tumboni. Tangu siku ile sipati usingizi. Ni mimi niliyemfanya hivi?

Mama wa Vifuniko

*

Mdogo wangu,

Nianze na matone, mengine yatangoja. Usimpe tena hata tone moja. Kichupa usikitupe: kifunge, kiweke juu asikoweza kufika, ukipeleke kwa dokta akione. Kitu kinachonuka javeli kinachouzwa kwa wazazi wa watoto kama wako mara nyingi ni dioksidi ya klorini, ambayo viwandani hutumika kung'arisha karatasi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya watu wasiinywe mwaka 2010, ikarudia onyo hilo mwaka 2019, baada ya kupokea habari za watu waliotapika vibaya, walioharisha mpaka kukaukiwa maji mwilini, na wengine ini kushindwa kufanya kazi. Mwanao alitapika kwa sababu tumbo lake lilikataa kilichoingia. Ulifanya vizuri kuacha, na ulifanya vizuri zaidi kuacha hata baada ya kuambiwa uendelee.

Sasa mpeleke mlangoni penye mwanga, uangalie weupe wa macho yake. Angalia midomo, angalia viganja. Akikojoa, angalia rangi. Ukiona macho yamekuwa ya manjano, au mkojo mweusi kama koka, au mtoto amepauka na anapumua haraka, usingoje asubuhi. Panda moto, yaani pikipiki, uende hospitali, na useme mambo mawili wazi: "alikunywa kitu cha klorini" na "mumpime G6PD".

G6PD ni enzimu, yaani protini yenye kazi maalum mwilini. Iko ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kuzilinda zisiharibiwe na vitu vikali. Watoto wengi wa sehemu zetu za Afrika wanazaliwa nayo kidogo, hasa wavulana, na mtu anaweza kuishi miaka bila kujua, mpaka siku anapopewa dawa fulani au kitu cha aina ya hayo matone. Hapo chembe zinapasuka. Hata kama siku zimeshapita na mtoto anacheza vizuri, ukienda hospitali omba kipimo hicho, maana kuna dawa za malaria ambazo dokta hapaswi kuzitoa kabla ya kujua jibu lake. Mtu wa semina alizungumza juu ya enzimu jioni nzima, kisha akakuuzia kitu ambacho kinaweza kumwua mtoto aliyepungukiwa na enzimu. Nilipofika hapo kwenye barua yako, nilisimama nikatembea kidogo kabla ya kuendelea kusoma.

Tuje kwenye ubongo unaowaka. Hakulitunga lote. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, likiongozwa na dokta Carlos Pardo, lilitoa matokeo ya kuchunguza ubongo wa watu 11 waliokuwa na otisme na waliokwisha kufa. Walipima pia maji ya uti wa mgongo ya watu sita walio hai. Waliona kwamba chembe fulani za ubongo, zinazoitwa mikroglia, zilikuwa zimeamka, na kwamba zile protini ambazo mwili unatumia kuita msaada zilikuwa nyingi.

Madaktari wetu wanaita hali hiyo inflamasyo, na sisi tukitafsiri tunasema "kuvimba", ndipo mtu anawaza kichwa kilichojaa kama mguu ulioumwa na nyuki. Sivyo ilivyo. Mikroglia fikiria ni mazamu, yaani walinzi wa mtaa. Usiku kucha wanazunguka, wanaondoa takataka, wanakata matawi yaliyozidi kati ya chembe moja na nyingine ili ubongo wa mtoto upangike vizuri. Mwizi akija, yaani mdudu wa ugonjwa, wanapiga filimbi na mtaa mzima unaamka. Kule Baltimore walikuta mazamu wako macho na filimbi zinalia. Lakini ukifika mtaani saa nane usiku ukakuta mazamu wamesimama barabarani, utajuaje kama wamekuja kwa sababu kuna mlango umevunjwa, au ni wao waliovunja? Na hao walikuwa watu 11 tu, tena waliokufa wakiwa na umri mbalimbali.

Baadaye watafiti wengine wakatumia mashine ya kupiga picha ubongo wa mtu aliye hai na kuona dalili za hizo chembe. Wajapani walipima wanaume 20 wenye otisme, wakatangaza mwaka 2013 kwamba mazamu wako macho kuliko kawaida. Miaka michache baadaye watafiti wa Boston wakapima wanaume wengine kwa njia inayofanana na hiyo, wakaona kinyume: dalili ilikuwa chini kuliko kwa watu wa kawaida. Mpaka hapo ndipo elimu ilipofika, mdogo wangu. Ni swali kubwa na zuri, linafanyiwa kazi na watu makini, na huenda siku moja likazaa dawa kwa baadhi ya watoto. Kwa sasa hakuna dokta anayeweza kupima inflamasyo katika ubongo wa mwanao na kukwambia kiasi chake. Kwa hiyo ile picha nyekundu ukutani, uliza: ni ubongo wa nani?

Tena kuna jambo ambalo mtu wa semina hakukwambia. Dokta Pardo mwenyewe na wenzake walijaribu kuuzima huo moto. Waliwapa watoto 11 wenye otisme minosiklini, antibiotiki inayojulikana kutuliza mikroglia, kwa miezi sita. Mwaka 2013 waliandika wazi kwamba watoto hawakubadilika kwa namna ya maana. Hao ndio waliouona moto kwa macho yao, wakatafuta maji, na maji yaliposhindwa wakasema yameshindwa. Mimi namwamini mtu wa namna hiyo hata akiniletea habari mbaya.

Sasa hizo enzimu za dola 70. Ulinitumia picha ya lebo pamoja na barua yako, na nimeisoma: papaini, bromelaini, amilasi, lipasi. Papaini inatoka kwenye utomvu wa papai bichi. Nenda upande wa Beni utawakuta watu wanaochana mapapai na kukinga ule utomvu mweupe, ambao umekuwa ukiuzwa nje kwa miaka na miaka. Bromelaini inatoka kwenye nanasi. Mama zetu walioweka vipande vya papai bichi kwenye nyama ya mbuzi mzee walikuwa wakitumia papaini bila kuijua kwa jina: inavunja protini za nyama, nyama inalainika. Enzimu ni hivyo. Kila moja ina kazi yake, na inaifanya pale ilipo.

Mtoto akimeza papaini, itafanya kazi kidogo tumboni, halafu yenyewe, kwa kuwa ni protini, itasagwa kama yai au sambaza. Haipandi kichwani. Ubongo umezungukwa na ukuta mgumu wa mishipa unaozuia vitu vikubwa kama hivyo kuingia. Na enzimu ambazo watafiti wanazitaja wanapozungumza juu ya inflamasyo ni nyingine kabisa. Kuna moja inaitwa COX-2, iko ndani ya chembe, na ndiyo inayotengeneza kemikali zinazoleta maumivu na homa. Ibuprofeni unayonunua farmasi inafanya kazi kwa kuizuia. Wanasayansi wanajiuliza kama enzimu za namna hiyo zinafanya kazi kupita kiasi. Muuzaji anakwambia mtoto amepungukiwa, umwongezee. Neno ni moja, lakini muuzaji amechukua uzito wa wanasayansi kuuzia bidhaa isiyohusiana nao. (Na usitoke hapa ukampe ibuprofeni kila siku, tafadhali. Inaumiza tumbo na figo, na hakuna aliyeonyesha kwamba inasaidia otisme.)

Habari ya chakula kugeuka sumu nayo ina historia. Karibu miaka ya 1980 kulikuwa na wazo kwamba protini za ngano na maziwa zisiposagwa vizuri zinaacha vipande vinavyofanana na afyuni, vinaingia kwenye damu na kuulevya ubongo. Lilikuwa wazo la kupimika, wakalipima. Mwaka 2008 watafiti wa London walitafuta vipande hivyo kwenye mkojo wa wavulana wenye otisme, hawakuvipata. Enzimu zenyewe pia zimejaribiwa. Australia, mwaka 2010, watoto 43 walipewa enzimu kwa miezi mitatu na unga mtupu kwa miezi mitatu, wazazi wasijue ni lini wanapewa kipi: hapakuwa na tofauti ya maana katika tabia wala katika usemi. Misri, mwaka 2015, jaribio la watoto 101 lilitoa majibu yenye matumaini zaidi. Nakutajia yote mawili maana sitaki kukuficha. Ukiyaweka pamoja, hayatoshi kumfanya fundi auze cherehani yake.

Na bugali! Gluteni, ile protini inayosemwa vibaya, iko kwenye ngano: mkate, mandazi, makaroni. Mahindi hayana. Muhogo hauna. Aliyekwambia umnyime mtoto bugali kwa ajili ya enzimu hajui hata anachokikataza. Mtoto kama wako, ambaye nadhani anakubali vyakula vinne au vitano tu, ukimwondolea bugali na maziwa umempa njaa. Mpe bugali lake, na sombe, na sambaza, na yai likipatikana.

Tumbo lenyewe lakini usilipuuze. Watoto wengi wenye otisme wana choo kigumu au maumivu ya tumbo, na asiyeweza kusema "naumwa" anajigonga ukutani. Hesabu siku anazokaa bila kwenda choo. Zikipita tatu, hilo ni la kumwambia dokta, na dawa yake si ghali.

Kuna pia magonjwa machache sana ambapo mtoto kweli amezaliwa bila enzimu fulani na ubongo unaumia. Moja linaitwa fenilketonuria. Mnorwe, dokta Asbjørn Følling, alilitambua mwaka 1934, na leo mtoto akigunduliwa mapema analindwa kwa chakula maalum. Jingine lilielezwa mwaka 1984 na madaktari wa Ubelgiji, na watoto wake wanaweza kuonyesha tabia za otisme. Haya hugunduliwa kwa damu na mkojo katika laboratwari. Dokta akiona dalili zake atakwambia.

Nakuja kwa yule mama wa ushuhuda. Sisemi alidanganya. Sikiliza kisa hiki. Mwaka 1998, Marekani, madaktari waliandika juu ya watoto watatu wenye otisme waliopewa sekretini, homoni inayoamuru kongosho kumwaga maji yake tumboni, na baada ya hapo walionekana kuwa wachangamfu zaidi na kusema zaidi. Habari ikaenea kama moto wa kiangazi. Wazazi walilipa pesa nyingi wapate sindano moja. Mwaka 1999 wakafanya jaribio lenyewe: watoto 60, nusu sekretini, nusu maji ya chumvi, na mzazi hajui mwanawe kapewa nini. Baada ya wiki nne makundi yote mawili yalikuwa yamepiga hatua, sawasawa. Watoto wa maji ya chumvi nao walikuwa wamepiga hatua! Mtoto wa miaka mitatu, minne, mitano anakua hata akiwa na otisme. Wengine wanaanza kusema wakiwa na miaka mitano au sita, bila chupa yoyote. Na mama aliyelipa dola 420 anamwangalia mwanawe kuliko alivyowahi kumwangalia, anacheza naye zaidi, anamngoja. Kwa hiyo mtoto wa yule mama huenda alianza kusema kweli. Wale ambao hawakusema, wazazi wao hawakuitwa mbele.

Sasa malaria yako, ambalo ndilo ulilonong'ona mwisho, na najua ndilo zito kuliko yote.

Ni kweli kwamba ugonjwa mkali wakati wa mimba unachunguzwa. Wamefanya majaribio kwa panya, na kwa binadamu mfano wenye nguvu kuliko yote ni rubela. Baada ya mlipuko wa rubela huko Marekani mwaka 1964, daktari Stella Chess wa New York aliwafuatilia watoto 243 waliozaliwa na mama walioambukizwa. Kumi walikuwa na otisme kamili, wanane kwa kiasi. Waliobaki, 225, hawakuwa nayo. Na hiyo ni rubela, virusi vinavyoingia mpaka kwenye mwili wa mtoto tumboni na kumharibu macho, moyo na masikio. Wanawake wangapi wa Bukavu, Uvira na Kamituga wamelazwa kwa malaria wakiwa na mimba, na watoto wao wanasema mpaka unawaomba wanyamaze? Kinachobeba uzito mkubwa ni jeni. Utafiti uliotoka mwaka 2019, wa watu zaidi ya milioni mbili katika nchi tano, ulionyesha kwamba karibu asilimia 80 ya tofauti kati ya mtu na mtu katika kupata otisme inatokana na urithi. Wewe uliugua, ukaenda hospitali, ukatibiwa, ukamzaa akiwa hai. Hukumfanya kitu. Naliandika tena ulisome usiku ukikosa usingizi: hukumfanya kitu.

Kama inflamasyo ya ubongo inakutia hofu, elekeza hofu hiyo mahali ambapo inaweza kumlinda. Malaria inayopanda kichwani, meninjiti, surua: hizo zinauwasha ubongo wa mtoto kweli, na zinaacha kifafa, ukiziwi, hata kupotea kwa maneno. Kwa hiyo alale ndani ya chandarua. Homa ikija, apimwe siku hiyo hiyo. Na chanjo zikamilike, usimsikilize mtu atakayekwambia zilileta otisme. Andrew Wakefield aliyeanzisha hayo mwaka 1998, kwa watoto 12, makala yake ilifutwa mwaka 2010 na jarida lililoichapisha. Watafiti wa Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, wakatangaza mwaka 2019 kwamba waliochanjwa surua hawakupata otisme kuliko wasiochanjwa. Mwaka huo huo wa 2019 surua ilikuwa inaua watoto wa Kongo kwa maelfu.

Rudini kwa yule dokta wa watoto. Najua mlivyotoka pale. Aliwaambia kweli bila kuwapa kiti cha kuikalia. Safari hii nendeni na maswali yaliyoandikwa. Kwanza masikio: mtoto asiyegeuka akiitwa apimwe usikivu, hata kama biskuti anaisikia, maana mtu anaweza kusikia sauti fulani na kukosa nyingine. Pili, mwelezeni jinsi maneno yalivyopotea, na kama kabla ya hapo alipata homa kali, degedege au kuzimia. Kupoteza maneno kunatokea kwa watoto wengi wenye otisme, lakini dokta anahitaji tarehe. Tatu, kama huwa anaganda akitazama sehemu moja, ukimgusa hahisi, au mkono unatetemeka usingizini, semeni, inaweza kuwa kifafa, na kifafa kina dawa. SOSAME, kituo cha afya ya akili cha Ndugu wa Upendo hapa hapa Bukavu, wamezoea kushughulikia kifafa. Kipimo cha masikio na moto wa kwenda na kurudi, ongeza G6PD, vitakula pesa, lakini haviwezi kula cherehani.

Baba wa mtoto usimpinge mbele ya mama yake. Kaa naye mkiwa wawili, umwonyeshe barua hii. Yuko tayari kuuza kitu kikubwa kuliko vyote nyumbani kwa ajili ya mwanawe. Mshukuru kwanza kwa hilo, ndipo umwambie hesabu. Na mama mkwe aambiwe na yeye, si na wewe. Kumwombea mtoto hakuna anayekataa. Kumnyima chakula, kumfunga, kumpiga ili kitu kimtoke, hayo yakome, na mtoto asitoke nyumbani bila wewe kujua. Kuna sababu nyingine tena ya kusema hivyo: watoto hawa wanapenda kutoroka, na maji yanawavuta. Sisi tuna ziwa chini ya mji, na mvua ikinyesha kila mtaro wa Kadutu unakuwa mto. Mlango uwe na komeo juu, asikofika.

Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo kwa wazazi wa watoto wenye shida kama hii, kuanzia miaka miwili hadi tisa, na yanatolewa bure. Muulize dokta kama anayafahamu, au kama kuna wazazi wengine anaowaona ambao mngeweza kukutana nao. Kiini chake ni vitu vidogo vya nyumbani, na kimoja unaweza kuanza nacho kwenye lile bidoni. Atakapoweka mkono wako juu yake, usimimine mara moja. Shuka mpaka macho yenu yawe usawa mmoja. Sema "maji". Neno hilo tu, bila "unataka maji mwanangu". Hesabu kimoyomoyo mpaka tano. Akikutazama, akitoa sauti yoyote, akigusa kikombe, mpe hapo hapo. Asipofanya kitu, mpe vilevile, sema tena "maji" anapokunywa. Mara kumi kwa siku, kila siku, kwa miezi.

Na vifuniko usimnyang'anye. Kesho asubuhi, kabla hujakaa kwenye cherehani, kaa sakafuni kando yake, uwe na vifuniko vitano mkononi. Usiguse mstari wake. Mpe chekundu kimoja, useme "chekundu", umwache akiweke anapotaka yeye. Kisha shika cha pili karibu na uso wako, ungoje. Niandikie unieleze alifanya nini, na dokta alisema nini juu ya masikio.

Yaya yako